Kenya, Norway na Ireland zilipata dhahabu nne kila moja Paris: je, zilitoshana nguvu?

Mwana wa Winam, Kisumu (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, naomba tuzungumze kwa utulivu kuhusu jambo linalozua ubishi hapa Kisumu kila inapotajwa Michezo ya Olimpiki ya Paris ya mwaka wa 2024. Kenya ilimaliza katika nafasi ya 17 duniani kwa dhahabu nne, fedha mbili na shaba tano. Norway ilitufuata katika nafasi ya 18 kwa dhahabu nne, fedha moja na shaba tatu, kisha Ireland ikawa ya 19 kwa dhahabu nne na shaba tatu. Wapo wanaolitazama jedwali hilo na kusema kwamba tuliongoza Afrika nzima na kuzipita nchi tajiri, kwa hiyo hatuna la kulalamikia. Wapo pia wanaosema kwamba ni fedheha kwa taifa la watu wapatao milioni 50 kukaa bega kwa bega na nchi zenye watu milioni tano na kitu kila moja. Naziheshimu pande zote mbili, lakini nadhani zote zinahesabu medali bila kuuliza zilitoka wapi.

Hebu tuzitazame dhahabu zenyewe. Za Ireland zilitoka katika michezo minne tofauti: Kellie Harrington alishinda katika ndondi, Daniel Wiffen katika uogeleaji wa mita 800, Rhys McClenaghan katika jimnastiki, nao Paul O'Donovan na Fintan McCarthy wakashinda kwa kupiga makasia. Kwa Norway, Jakob Ingebrigtsen alishinda mbio za mita 5,000, Markus Rooth akashinda shindano la fani kumi, Solfrid Koanda akanyanyua vyuma, na timu ya wanawake ikatwaa ubingwa wa mpira wa mikono. Sisi tulipata dhahabu mbili kutoka kwa Beatrice Chebet katika mita 5,000 na mita 10,000, moja ya Faith Kipyegon katika mita 1,500, na moja ya Emmanuel Wanyonyi katika mita 800. Zote nne ni za mbio. Ukiongeza zile fedha mbili na shaba tano, mambo hayabadiliki, kwa kuwa medali zetu zote 11 zilitoka katika mbio za kuanzia mita 800 hadi marathoni.

Hapo ndipo hesabu yangu inapoanzia. Paris ilikuwa na mashindano 329 ya kuwania dhahabu. Mbio za kuanzia mita 800 hadi marathoni, kwa wanaume na wanawake, pamoja na zile za kuruka viunzi na maji, ni mashindano 12 tu, yenye medali 36 kwa jumla. Kati ya hizo 36 Kenya ilitwaa 11, ambayo ni karibu theluthi moja ya medali ambazo dunia nzima iliziwania katika mbio hizo. Huo ni ubabe ambao si mataifa mengi yanaweza kuuonyesha katika mchezo wowote. Katika mashindano 317 yaliyosalia tulitoka mikono mitupu. Anayesema kwamba Kenya ni hodari anasema kweli, na anayesema kwamba Kenya ni dhaifu anasema kweli vilevile, kwa sababu mmoja anatazama yale 12 na mwingine anatazama yale 317.

Linalonisumbua zaidi ni kwamba hatukuwa hivi zamani. Tulipokwenda Munich mwaka wa 1972 tulirudi na medali tisa. Kipchoge Keino alipata dhahabu ya kuruka viunzi na maji na fedha ya mita 1,500, Ben Jipcho akapata fedha nyuma ya Keino katika viunzi na maji, na Mike Boit akapata shaba ya mita 800. Hizo ni nne. Tano zilizosalia zilitoka nje ya mbio tunazojulikana nazo leo: dhahabu ya kupokezana vijiti ya mita 400 mara nne, iliyoletwa na Charles Asati, Hezahiah Nyamau, Robert Ouko na Julius Sang, shaba ya huyo huyo Sang katika mita 400, na medali tatu za ndondi. Taifa lililokuwa na miaka tisa tu tangu lipate uhuru lilipata zaidi ya nusu ya medali zake mahali ambapo mwaka wa 2024 halikupata hata moja. Nchi ambayo ningependa kwanza tulinganishwe nayo ni hiyo Kenya ya 1972. Leo tunapita mlango mmoja mwembamba wa mbio, nami nauliza: milango mingine ilifungwa lini?

Karibuni tujadiliane.


Shabiki wa Bukhungu, Kakamega

Ndugu Mwana wa Winam, shukrani kwa uzi huu, ila naona umeiruka njia ambayo wataalamu wengi huitumia, nayo ni kugawanya medali kwa idadi ya watu. Kwa njia hiyo Grenada, kisiwa chenye watu laki moja na ushei, kilichopata shaba mbili Paris, kiko juu ya mataifa makubwa yote. Dominica ilipata dhahabu moja kupitia kwa Thea LaFond katika miruko mitatu, na Saint Lucia ikapata dhahabu ya mita 100 na fedha ya mita 200, zote kutoka kwa Julien Alfred. Kaunti ya Kisumu pekee ilihesabiwa kuwa na zaidi ya watu milioni moja katika sensa ya 2019. Ikiwa Grenada, ambayo ni kama sehemu ya kumi ya kaunti yenu, inaweza kupata medali mbili, basi hatuna budi kukiri kwamba Kenya, kwa wingi wa watu wake, inafanya vibaya.


Mwana wa Winam, Kisumu

Ndugu yangu wa Bukhungu, njia hiyo naifahamu, na ina faida ya kutukumbusha kwamba vipaji havingoji nchi iwe kubwa. Kasoro yake ni kwamba sheria za michezo haziendi sambamba na idadi ya watu. Katika riadha kila nchi huruhusiwa wanariadha watatu tu kwa kila shindano. Kenya ingekuwa na wanawake mia moja wanaoweza kufika fainali ya mita 5,000, bado wangeingia watatu, na 97 wangebaki Iten na Kaptagat wakitazama kwenye runinga. Katika kupiga makasia ni mtumbwi mmoja kwa kila nchi. India yenye zaidi ya watu bilioni 1.4 haiwezi kupeleka wakimbiaji wengi kuliko Grenada katika fainali moja, kwa hiyo ukigawanya kwa idadi ya watu umeiadhibu nchi kubwa kwa ukubwa wake kabla bunduki ya kuanzia haijalia. Tena, katika nchi ndogo msichana mmoja mwenye kipaji kama Alfred huibeba nchi nzima, na akiumia msuli wa paja nchi hiyo hutoweka kwenye jedwali.

Kuipa dhahabu uzito wote nako kuna matatizo yake. India ilipata medali sita Paris, fedha moja na shaba tano, ikawa ya 71. Pakistan ilipata medali moja tu, ule mkuki ambao Arshad Nadeem aliurusha mita 92.97, ikawa ya 62. Brazil ilirudi nyumbani na medali 20, lakini kwa kuwa tatu tu ndizo zilizokuwa za dhahabu ikapangwa nyuma ya Ireland yenye medali saba. Wamarekani hupenda kuhesabu jumla badala ya dhahabu, na ndiyo maana mwaka wa 2008, China ilipoongoza kwa dhahabu kule Beijing, magazeti yao mengi bado yaliiweka Marekani juu. Mkataba wa Olimpiki wenyewe unasema kwamba haya ni mashindano kati ya wanamichezo, wala si kati ya nchi.


Mpenzi wa Ndondi, Nakuru

Nimefurahi kuona mwaka wa 1972 ukitajwa, kwa sababu medali tatu za ndondi za mwaka huo zina historia ambayo sisi wa Nakuru tunaiona kuwa yetu. Philip Waruinge, aliyepata fedha Munich katika uzani wa unyoya, ni bondia aliyekulia katika ndondi za Nakuru. Miaka minne kabla ya hapo, kule Mexico City, alipata shaba, lakini akapewa kombe la Val Barker, ambalo hupewa bondia aliyeonyesha ufundi bora kuliko wote katika Olimpiki. Fikirini uzito wa jambo hilo. Waamuzi wa dunia waliwatazama mabingwa wote waliotwaa dhahabu, akiwemo George Foreman wa Marekani, kisha wakasema kwamba fundi kuliko wote ni huyu Mkenya aliyeishia nusu fainali.

Kwa jumla ndondi zimeiletea Kenya medali saba za Olimpiki: shaba na fedha za Waruinge, shaba za Samuel Mbugua na Richard Murunga hapo Munich, shaba ya Ibrahim Bilali mwaka wa 1984, shaba ya Chris Sande mwaka wa 1988, na mwaka huo huo kule Seoul dhahabu ya Robert Wangila, ambayo haijapata mwenzake hadi leo. Medali nyingine zote za Kenya katika historia ya Olimpiki ni za riadha. Tangu Wangila ashuke ulingoni hatujapata medali hata moja ya ndondi, na Paris hatukupeleka bondia hata mmoja.

Ndugu Mwana wa Winam, umeuliza milango mingine ilifungwa lini. Wengi wa mabondia wa zamani walikuwa wanajeshi, polisi, wafanyakazi wa reli na wa mashirika ya umma, waliopewa muda wa kufanya mazoezi na mshahara mwisho wa mwezi. Mashirika yalipoanza kupunguza wafanyakazi, timu ndizo zilizotangulia kukatwa. Ukipita leo katika baadhi ya kumbi za mazoezi mjini mwetu utakuta vijana wanapokezana jozi chache za glavu zilizopasuka kwenye kidole gumba, na mfuko wa kupigia ulioshonwa upya kwa kamba ya katani. Mkufunzi ni mzee anayefundisha bila malipo baada ya kazi yake ya mchana. Vijana hao wana mikono myepesi, nawahakikishia. Wanachokosa ni mapambano ya kimataifa ya kutosha, kwa sababu bondia hupimwa na bondia mwenzake wala hawezi kujipima kwa saa kama mkimbiaji.


Mwalimu wa Michezo, Lugari

Hayo maneno ya mwisho ya ndugu wa Nakuru ndiyo kiini cha mambo, na ninaomba kuyaendeleza kwa sababu nimefundisha michezo shuleni kwa miaka mingi. Mbio za masafa marefu ni mchezo ambao mtoto maskini anaweza kuuanza bila ruhusa ya mtu yeyote. Barabara ipo, milima ipo, na mshindani wake wa kwanza ni jirani. Uogeleaji, ambao ulikuwa na mashindano 35 Paris, unahitaji bwawa, na bwawa linahitaji maji safi, dawa na mkufunzi. Kupiga makasia kulikuwa na mashindano 14, na Uholanzi ilipata dhahabu nne huko. Ziwa tunalo, tena kubwa kuliko nchi kadhaa za Ulaya, na vijana wa Dunga na Usenge hupiga kasia tangu utotoni, lakini mtumbwi wa mashindano ni chombo chepesi cha bei kubwa ambacho watoto wengi wa huku hawajawahi kukigusa.

Hata katika riadha yenyewe hali ni hiyo hiyo mara unapotoka kwenye mbio. Katika mashindano ya shule za eneo letu nimeona mkuki mmoja ukitumiwa na washindani wote. Mmoja akirusha, mwenzake anaukimbilia, anauchomoa, anaufuta udongo kwa shati, kisha anaurudisha mstarini ili mwingine naye arushe. Katika mazingira kama hayo ndipo alipotokea Julius Yego wa Nandi, aliyejifunza kurusha mkuki kwa kutazama video mtandaoni, akawa bingwa wa dunia Beijing mwaka wa 2015 kwa mita 92.72, kisha akapata fedha Rio mwaka uliofuata. Wengi humtaja kama uthibitisho kwamba juhudi pekee inatosha. Mimi namtaja kwa sababu tofauti: kabla ya kufika kileleni alipelekwa Finland kwa msaada wa shirikisho la riadha la dunia, akapewa mkufunzi na kituo cha mazoezi cha Kuortane. Kipaji kilizaliwa Nandi, lakini kilinolewa mahali palipokuwa na vifaa.

Nchi nyingine ziligundua hili kwa uchungu. Australia ilirudi kutoka Montreal mwaka wa 1976 bila dhahabu hata moja. Wananchi walikasirika, na mwaka wa 1981 taasisi ya taifa ya michezo ikafunguliwa Canberra. Ilipofika mwaka wa 2000, Australia ilipata dhahabu 16 mjini Sydney. Uingereza ilipata dhahabu moja tu Atlanta mwaka wa 1996, ikawa ya 36, ndipo fedha za bahati nasibu ya taifa zikaanza kuelekezwa kwa wanamichezo. Mwaka wa 2012 ilipata dhahabu 29 London. Fedha hizo hazikutawanywa kila mahali. Waingereza walichagua baiskeli, makasia, mashua za tanga na michezo mingine michache, wakaipa kila kitu. Kwa hiyo, ndugu Mwana wa Winam, hapo ndipo ninapotofautiana nawe kidogo. Wembamba wa mlango si tatizo. Jamaika nayo inapita mlango mwembamba wa mbio fupi, ikiujenga tangu 1910 kupitia mashindano yao ya shule za upili, na hakuna anayeidharau.


Mama wa Kondele, Kisumu

Mwalimu, nakubaliana nawe kuhusu vifaa. Mimi nina swali fupi kuhusu hesabu yenyewe. Fainali ya wanawake ya kuruka viunzi na maji Paris ilishindwa na Winfred Yavi wa Bahrain, Peruth Chemutai wa Uganda akawa wa pili, na Faith Cherotich wetu akawa wa tatu. Yavi alizaliwa hapa Kenya. Mwaka wa 2016 dhahabu hiyo hiyo ilikwenda kwa Ruth Jebet, naye mzaliwa wa Kenya aliyeikimbilia Bahrain. Kabla yao alikuwapo Stephen Cherono, aliyebadili jina akawa Saif Saaeed Shaheen wa Qatar na kuweka rekodi ya dunia ya dakika 7:53.63 mwaka wa 2004, rekodi iliyodumu hadi 2023. Tunapolinganisha nchi, je, tunalinganisha mahali mtu alipozaliwa au bendera anayofunikwa nayo?

Na kuna jambo la pili ambalo ni chungu kulitaja. Dhahabu ya mita 1,500 ya Beijing 2008 ilimfikia Asbel Kiprop baada ya Rashid Ramzi wa Bahrain kupokonywa kwa kutumia pufya, yaani dawa haramu za kuongeza nguvu, na miaka kumi na moja baadaye Kiprop mwenyewe akafungiwa miaka minne kwa kosa la aina hiyo hiyo. Majedwali tunayobishania hubadilika miaka mingi baada ya nyimbo za taifa kuimbwa. Nadhani nchi isiyolinda usafi wa wanamichezo wake haifai kujisifu kwa nafasi yoyote.


Mwana wa Winam, Kisumu

Mama, suala la pufya sina la kuongeza, umelisema inavyopaswa. Kuhusu uraia, mimi huhesabu bendera, kwa sababu anayelipa kambi, mkufunzi na daktari ndiye aliyefanya kazi ya nchi. Kuhama kwa Yavi na wenzake kunaonyesha kwamba kile kikomo cha wanariadha watatu kimetufanya tuwe na wakimbiaji wengi kuliko nafasi, ilhali nafasi katika mashindano mengine ziko wazi na hatuna wa kuwapeleka.

Mwalimu, nimekusoma mara mbili. Kwamba mlango mwembamba unaweza kutosha, nakubali kwa sharti kwamba mlango huo ubaki wetu. Hebu tuutazame. Katika kuruka viunzi na maji kwa wanaume, Mkenya alishinda dhahabu katika kila Olimpiki kuanzia 1984 hadi 2016. Soufiane El Bakkali wa Morocco akaichukua Tokyo, akaichukua tena Paris. Mita 1,500 za wanaume Paris zilikwenda kwa Mmarekani Cole Hocker, na mita 10,000 kwa Joshua Cheptegei wa Uganda, jirani yetu wa ng'ambo ya Mlima Elgon. Wengi hawajui kwamba mara ya mwisho Mkenya kushinda dhahabu ya Olimpiki katika mita 10,000 za wanaume ilikuwa 1968, na aliyeshinda ni Naftali Temu, mwana wa Gusii. Wanaume wetu wanasukumwa ndani ya chumba ambacho tulidhani ni chetu milele.

Wanaolishikilia jina la Kenya sasa ni wanawake, na hili lingestahili uzi wake. Katika Mashindano ya Riadha ya Dunia ya Tokyo mwaka wa 2025 Kenya ilikuwa ya pili nyuma ya Marekani kwa dhahabu saba, sita kati yake zikiwa za wanawake: Lilian Odira mita 800, Kipyegon mita 1,500, Chebet mita 5,000 na 10,000, Cherotich viunzi na maji, na Peres Jepchirchir marathoni. Hizo ni mbio zote za wanawake za kuanzia mita 800 hadi marathoni, bila kuacha hata moja. Sina hakika kama tumewashukuru ipasavyo.

Kwa hiyo ninapendekeza kwamba baada ya Los Angeles 2028 tuwe na jedwali letu wenyewe hapa jukwaani, lenye hesabu mbili tu. Ya kwanza iwe sehemu tuliyotwaa ya zile medali 36 za mbio za kati na ndefu, tukianzia na 11 za Paris. Ya pili iwe idadi ya fainali tulizofika nje ya mbio hizo, hata kama hatukupata medali: mkuki, mita 100, raga ya wachezaji saba, ndondi, chochote. Raga naitaja kwa makusudi, kwa sababu Fiji, yenye watu wasiofika milioni moja, ilishinda dhahabu mbili za kwanza za wanaume za mchezo huo katika Olimpiki, nasi tuliwahi kuichapa 30 kwa 7 katika fainali ya Singapore mwaka wa 2016.

Ndugu wa Nakuru, kwa hiyo hesabu ya pili tutakuhitaji wewe. Ukiweza, tuandikie ni uzani upi ambao vijana wa hapo wanaukaribia kiwango cha kufuzu, na ni mapambano yapi ya Afrika wanayopaswa kupelekwa kabla ya 2028.